Homa ya Utotoni, Moyo wa Ukubwani: Historia ya Ugonjwa wa Chagas

  Mimi ni muuguzi wenu, na leo sikuleta somo la chanjo wala la maji safi. Leo nimewaletea historia. Ni historia ya ugonjwa wa moyo unaoletwa na kimelea, yaani kiumbe kidogo mno kinachoishi ndani ya mwili wa mtu na kujilisha humo.

Ugonjwa wenyewe unaitwa Chagas. Makao yake ni Amerika ya Kusini na Amerika ya Kati, wala hauenezwi hapa kwetu Kenya, kwa hivyo mama usishtuke. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, kimelea chake ni ndugu wa kimelea cha malale, na malale wazee wetu wa kando ya ziwa waliyajua vizuri. Ya pili, historia hii inajibu swali ambalo mimi huulizwa mara nyingi kliniki: "Sista, mtu alikuwa mzima, analima, anabeba magunia, inakuwaje aanguke tu na kufa?" Watu wakikosa jibu, wanaanza kutazamana vibaya. Jirani anashukiwa, mke anashukiwa, mama mkwe anashukiwa. Kule Brazil pia watu walianguka hivyo, tena vijana wenye nguvu, na ilichukua miaka mingi hata madaktari kukubali kwamba chanzo chake kilikuwa homa waliyougua wakiwa watoto.

Tuanze na moyo wenyewe. Moyo ni msuli, mkubwa kiasi cha ngumi yako. Hupiga karibu mara 100,000 kwa siku moja, usiku na mchana, bila likizo. Ndani yake mna njia za umeme mdogo unaouambia lini ubane na lini ulegee. Sasa, msuli huo unaweza kuvimba. Nikisema kuvimba sina maana ya jipu wala saratani. Fikiria kidole kilichochomwa na mwiba: kinakuwa chekundu, kinajaa, kina joto, kinauma. Hiyo ni kinga ya mwili imekimbilia hapo kupigana. Kidole kikivimba siku tatu unaweza kukipumzisha. Moyo huwezi kuupumzisha. Ukivimba unabana kwa udhaifu, damu inakwenda polepole, maji yanajaa mapafuni na miguuni, na ule umeme unaweza kuvurugika. Vita vikiisha, mahali palipopiganiwa panabaki kovu, na kovu halibani wala halipitishi umeme kama msuli. Mara nyingi kinachovimbisha msuli wa moyo ni virusi. Lakini viko vimelea vinavyofanya hivyo pia, na kati ya hivyo hakuna kilichovimbisha mioyo ya watu wengi kama hiki cha Chagas.

Sasa twende Brazil, mwaka 1907. Serikali ilikuwa inajenga reli kuelekea kaskazini kupitia jimbo la Minas Gerais, na wafanyakazi walikuwa wanaugua malaria mpaka kazi ikasimama. Taasisi ya utafiti iliyokuwa Rio de Janeiro chini ya daktari Oswaldo Cruz ikamtuma daktari kijana, Carlos Chagas, aende akapambane na malaria hiyo. Akafika mahali panapoitwa Lassance, kijiji kilichokuwa ndiyo kwanza kimefikiwa na reli. Hapakuwa na hospitali. Akapewa behewa la gari moshi, akaligawa: huku maabara yenye hadubini, huku chumba cha wagonjwa, huku kitanda chake.

Akitibu malaria, Chagas aliona jambo ambalo malaria haikulieleza. Walikuwako watu wenye mapigo ya moyo yaliyoruka ruka, na wengine walifariki ghafla bila homa. Aliandika aliyoyaona, lakini hakuwa na jibu.

Jibu lilianzia kwa mtu ambaye hakuwa daktari. Mwaka 1908 mhandisi mmoja wa reli, jina lake Cantarino Motta, alimwonyesha Chagas mdudu aliyejaa katika nyumba za maskini wa eneo lile. Mdudu huyo ni mkubwa kuliko kunguni wetu, ana urefu kama wa punje kubwa ya haragwe, na ana mabawa. Mchana hujificha katika nyufa za kuta na ndani ya nyasi za paa. Usiku taa ikizimwa hutoka, akamwendea aliyelala, akamnyonya damu bila kumwamsha. Kwa kuwa mwili umefunikwa, hupenda uso, na ndiyo maana wenyeji walimwita barbeiro, maana yake kinyozi. Huko Argentina wanamwita vinchuca.

Hapa nataka mama usimame kidogo ufikirie hizo nyumba. Zilikuwa nyumba za fito na udongo, zilizoezekwa kwa nyasi. Nadhani wengi wetu tumelala katika nyumba kama hizo kwa bibi, na hakuna aibu yoyote. Nyumba ya udongo iliyokandikwa vizuri ina ubaridi mtamu mchana. Tatizo ni ule ufa. Udongo ukikauka hupasuka, na nyumba isipokandikwa tena, ufa huo unakuwa mji wa wadudu. Nyumba moja iliweza kuwa na mamia.

Chagas akawafungua wadudu hao akatazama matumbo yao kwa hadubini. Katika utumbo wa nyuma akaona viumbe vidogo vinavyoogelea kwa mkia. Alivishuku mara moja, na hapa ndipo Afrika inapoingia katika hadithi hii. Miaka michache kabla yake, viumbe wa ukoo huo walikuwa wameonekana ndani ya wagonjwa wa malale nchini Uganda. Tangu mwaka 1900 malale yalikuwa yanaua watu Busoga na pwani yote ya Ziwa Viktoria. Kufikia mwaka 1920 watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamekufa, na visiwa vizima vilihamwa. Mwaka 1903 watafiti Aldo Castellani na David Bruce walionyesha kwamba maradhi hayo huletwa na kimelea chenye mkia kiitwacho tripanosoma, kinachobebwa na mbung'o. Kwa hivyo Chagas alipoona vile vyenye mkia ndani ya mdudu anyonyaye damu ya watu, alijua maana yake.

Alitaka kuhakikisha. Tumbili wadogo wa Lassance hawakufaa, kwa sababu alikuwa tayari ameona tripanosoma nyingine katika damu yao, na angechanganyikiwa. Akawatuma wadudu hai mpaka Rio de Janeiro. Oswaldo Cruz akawaacha wawanyonye tumbili waliofugwa hapo maabara, ambao hawakuwa na maambukizi. Baada ya wiki chache tumbili mmoja akaugua, na damu yake ikajaa vimelea. Chagas akakiita kimelea hicho Trypanosoma cruzi, kwa heshima ya mkuu wake.

Mpaka hapo alikuwa na mdudu na kimelea, lakini hakuwa na mgonjwa. Huu ni mwendo wa kinyume, maana kwa kawaida daktari huanza na mgonjwa. Akarudi Lassance akaanza kupima damu nyumba kwa nyumba. Katika nyumba moja yenye wadudu hao alipata paka mwenye vimelea. Kisha katika nyumba hiyo hiyo, tarehe 14 Aprili 1909, akapata mtoto wa kike wa miaka miwili mwenye homa kali, uso umevimba, wengu na ini vimekuwa vikubwa. Jina lake lilikuwa Berenice. Katika damu yake, chini ya hadubini, vile viumbe vyenye mkia vilikuwa vinaogelea.

Mtu mmoja na wasaidizi wachache walikuwa wamepata kimelea, mdudu anayekibeba, mnyama anayekihifadhi na ugonjwa wenyewe, yote kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Ni jambo la nadra sana katika historia ya tiba. Tangu mwaka 2020, tarehe 14 Aprili huadhimishwa kama Siku ya Ugonjwa wa Chagas Duniani.

Lakini ugonjwa huu ni wa kale kuliko huyo daktari. Watafiti wamepata alama za kimelea hiki katika maiti zilizokaushwa na jangwa huko Chile na Peru, na za zamani zaidi zina umri wa miaka 9,000 hivi.

Swali la moyo lilijibiwa polepole. Mwaka 1911 daktari mwingine wa taasisi hiyo, Gaspar Vianna, alichunguza viungo vya waliokufa. Akaona kwamba kimelea kikiingia ndani ya chembe ya msuli wa moyo huacha mkia wake, kikajikunja kama mviringo, kikaanza kugawanyika. Kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne, mpaka chembe inajaa na kupasuka. Vikimwagika, vingine huingia chembe za jirani na vingine huingia damuni. Kila chembe inapopasuka, kinga ya mwili hukimbilia pale, na ndio ule uvimbe niliowaeleza.

Njia ya kuingilia mwilini nayo ilikosewa mwanzoni. Chagas alidhani mdudu huambukiza kwa mate anapouma, kama mbu wa malaria. Mwaka 1912 Mfaransa Émile Brumpt akaonyesha kwamba sivyo. Mdudu huyu akishiba hunya papo hapo, juu ya ngozi ya mtu. Vimelea vimo katika kinyesi hicho. Mtoto akijikuna usingizini, au akijipangusa jicho, anavisukuma mwenyewe ndani. Nikisimulia jambo hili kwa akina mama huwa naona nyuso zinakunjamana, na nawaelewa.

Baada ya hapo ungetegemea dunia imshangilie Chagas. Ilimshangilia kidogo, kisha ikamgeuka. Aliteuliwa kugombea tuzo ya Nobel mwaka 1913 na tena mwaka 1921, hakuipata. Na mwaka 1922 na 1923, ndani ya Chuo cha Taifa cha Tiba cha Brazil, madaktari wenzake walisimama wakasema ugonjwa wake ni wa watu wachache wa Lassance, na kwamba anaipaka nchi matope kwa kusema imejaa wagonjwa. Sehemu ya lawama aliistahili. Katika maeneo yale watu wengi walikuwa na uvimbe wa shingo, ule unaoletwa na ukosefu wa madini ya joto, na Chagas aliuhesabu kuwa dalili ya ugonjwa wake. Hapo alikosea. Kule Argentina, mtafiti Rudolf Kraus alikuwa amewapata wadudu wenye vimelea lakini hakuwapata wagonjwa wa namna ile, na wapinzani wakamtumia kama fimbo.

Mimi naona kulikuwa na sababu nyingine kubwa zaidi, na ndiyo kiini cha mazungumzo ya leo. Ugonjwa huu hujificha. Mtoto akiambukizwa huenda akapata homa wiki kadhaa, huenda jicho moja likavimba, na mara nyingi haonyeshi chochote cha kumfanya mama akimbilie hospitali. Wachache, hasa wadogo sana, moyo au ubongo huvimba vibaya wakafa wakati huo huo. Wengine hupona homa. Damu ikipimwa kwa hadubini haina kitu. Mtoto anakua, anaoa au anaolewa, analima. Kimelea kimekaa kimya ndani ya msuli, chembe moja leo, nyingine kesho, miaka 10, 20, hata 30. Kati ya watu 10 walioambukizwa, watatu hivi mwishowe moyo huharibika. Unatanuka, ukuta wake unakuwa mwembamba, hasa kwenye ncha ya chini, umeme unakatika njiani. Mmoja anaanza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Mwingine damu inaganda ndani ya moyo, bonge linakwenda ubongoni, anapata kiharusi. Mwingine anaanguka shambani jembe likiwa mkononi.

Sasa daktari wa mjini akiitwa kumwona maiti huyo wa miaka 35, nani atamwambia habari ya homa ya mwaka ule alipokuwa na miaka mitatu? Hata mama yake huenda ameisahau. Ndiyo maana wakubwa wale waliona wagonjwa ni wachache. Walikuwa wanawahesabu watoto wenye homa tu, na wale waliokufa kwa moyo waliwaandika chini ya jina lingine.

Hata Berenice mwenyewe alikuwa fumbo. Yeye aliangukia katika wale saba, si wale watatu. Aliishi mpaka akapita miaka 70, na moyo wake haukuharibiwa na ugonjwa huu. Lakini alipopimwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50, na tena mwaka 1978, vimelea vilipatikana bado ndani yake. Karibu miaka 70 tangu homa ile ya utotoni, bado vimo.

Chagas hakuacha kuufuata moyo. Mwaka 1922, pamoja na Eurico Villela, alichapisha maelezo ya ugonjwa huu unavyoushika moyo. Mwanawe Evandro, naye daktari, akaanza kutumia mashine ya kuchora umeme wa moyo kwa wagonjwa hao. Chagas alifariki Novemba 1934, kabla hajaona wapinzani wake wakinyamaza. Mwaka uliofuata, 1935, daktari Cecilio Romaña huko Argentina akaeleza dalili ambayo hata mtu asiye na hadubini angeiona: jicho moja la mtoto limevimba, kope zote mbili zimejaa, rangi ya zambarau, bila maumivu makubwa. Hapo ndipo kinyesi kilipoingilia. Romaña alikuwa akifanya kazi na Salvador Mazza, aliyezunguka mikoa ya kaskazini ya Argentina kwa behewa la reli lililogeuzwa maabara, na wagonjwa wakaanza kupatikana kwa mamia.

Ushahidi wa moyo ulikuja kutoka mji mdogo wa Bambuí, huko huko Minas Gerais. Mwaka 1943 Emmanuel Dias alifungua kituo hapo. Yeye na wenzake, akiwamo Francisco Laranja aliyejua sana habari za moyo, waliwapima wenyeji damu na umeme wa moyo, wakawafuata mwaka baada ya mwaka. Michoro ya umeme ikaonyesha hitilafu zile zile zikijirudia kwa wenye maambukizi. Walipochapisha kazi yao kubwa mwaka 1956, ubishi ukaisha. Hesabu mwenyewe: kutoka 1909 mpaka 1956 ni miaka 47. Watu walizaliwa, wakaambukizwa na kufa kwa moyo wakati wasomi wanabishana kama ugonjwa upo.

Bambuí ilileta pia silaha. Mwaka 1947 na 1948 Dias na wenzake walijaribu kunyunyizia kuta dawa ya kuua wadudu iliyotoka viwandani wakati huo, na mabarbeiro wakafa kwa wingi. Pamoja na dawa, watu walifundishwa kukandika kuta ziwe laini na kubadilisha mapaa. Mwaka 1991 nchi sita za kusini, yaani Argentina, Bolivia, Brazil, Chile, Paraguay na Uruguay, ziliungana kunyunyizia nyumba na kupima damu yote ya kuongezewa wagonjwa, maana ilijulikana tangu 1952 kwamba ugonjwa hupitia kwenye damu hiyo pia. Mwaka 2006 Brazil ilipewa cheti kwamba mdudu wake hatari zaidi wa majumbani haenezi tena ugonjwa nchini humo.

Usidhani umekwisha. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu karibu milioni saba wanao, na zaidi ya 10,000 hufa kila mwaka. Ziko njia mbili zinazotuhusu sana sisi akina mama, na kila nikizifikiria nasikia uchungu.

Njia moja ni chakula. Mdudu akisagwa pamoja na matunda au miwa, au kinyesi chake kikiingia ndani, vimelea huingia tumboni kwa wingi. Mwaka 2005 katika jimbo la Santa Catarina, Brazil, watu waliokunywa juisi ya miwa kando ya barabara waliugua, na wengine wakafa. Desemba 2007 shule moja ya Caracas, Venezuela, iliwapa watoto juisi ya mapera. Watu 103, wengi wao wanafunzi, waliambukizwa, na mtoto mmoja akafariki. Ukiambukizwa kwa njia hii moyo huvimba haraka na vikali.

Njia nyingine ni tumbo la mama. Mama aliyeambukizwa utotoni, asiyejua, anaweza kumpa mtoto kabla hajazaliwa, na mtoto huyo naye akamzaa mwingine mwenye kimelea. Ugonjwa unatembea katika ukoo bila mdudu hata mmoja kuwapo. Hapa lakini kuna habari njema. Dawa zipo mbili, nifurtimox na benznidazole, zilizoanza kutumika katika miaka ya 1960 na 1970. Mtoto akipimwa anapozaliwa na kutibiwa katika mwaka wake wa kwanza, zaidi ya 9 kati ya 10 hupona kabisa. Msichana akitibiwa kabla ya kushika mimba, hatari ya kumwambukiza mwanawe hupungua sana. Wakati wa ujauzito dawa hizo hazitolewi, kwa hivyo lazima kutangulia. Na ukichelewa? Mwaka 2015 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wagonjwa zaidi ya 2,800 ambao mioyo yao ilikuwa tayari imeharibika. Baadhi yao walipewa benznidazole. Vimelea vilipungua, lakini moyo uliendelea kuharibika kama wa wale ambao hawakuipata. Kovu halirudi kuwa msuli.

Sasa turudi nyumbani. Ndugu yake wa huku, kimelea cha malale, naye huushika moyo. Sisi tunamjua kwa usingizi kwa sababu mwishowe huingia ubongoni, lakini msuli wa moyo nao huvimba, hasa katika malale ya upande wetu wa mashariki, ambayo huenda mbio kuliko yale ya magharibi na yanaweza kuua kwa miezi michache. Kenya tulipigana nayo tangu mwanzo wa karne iliyopita, na wazee wa Bonde la Lambwe wanakumbuka mitego ya mbung'o, ile ya vitambaa vya buluu na vyeusi. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Kenya imeyaondoa malale yasiwe tena tatizo la afya ya umma. Mbung'o bado wapo, kwa hivyo ukiishi au ukitembelea maeneo yao, ukapata homa ambayo kipimo cha malaria hakiioni, mwambie mhudumu uliumwa wapi.

Na kuna ugonjwa mwingine wa kwetu wenye tabia ya Chagas, ingawa hauletwi na kimelea bali na bakteria. Mtoto wa kati ya miaka 5 na 15 anaumwa koo, anameza kwa shida, ana homa. Tunampa maji ya ndimu, koo linapona, tunasahau. Kwa wengine, wiki chache baadaye viungo vinavimba na kuuma kwa zamu, goti leo, kiwiko kesho, na moyo unavimba pamoja navyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Valvu za moyo zinabaki na makovu. Wasichana wengi huja kugundua wakiwa na mimba ya kwanza, pumzi zinapowaishia wakipanda kilima kidogo. Koo hilo lilihitaji penisilini tu. Kwa hivyo mtoto mwenye koo na homa mpeleke zahanati aangaliwe, na akipewa dawa azimalize zote hata kama amepata nafuu siku ya pili.

Mtoto mchanga ambaye moyo wake umevimba, kwa sababu yoyote ile, huchoka akinyonya. Anaacha ziwa, anatoka jasho kichwani, anahema, anarudi tena. Mkubwa wake anashindwa kukimbia na wenzake, anachuchumaa katikati ya mchezo, anazimia, au unaona uso na miguu imejaa. Ukiona hayo usingoje siku ya kliniki, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kabla sijawaaga, kuna maswali mawili ambayo najua yatakuja. La kwanza ni kuhusu kunguni: je, huyu wetu wa kitandani analeta Chagas? Hapana. Anasumbua, anakunyima usingizi, lakini ugonjwa huu hauna makao hapa kwetu naye hauenezi.

La pili: je, Chagas ni ugonjwa wa kurithi? Watu wa Minas Gerais walikuwa na haki ya kudhani hivyo, maana walizika baba, kisha mwana, kisha mjomba, wote kwa moyo. Haumo katika damu ya ukoo. Walikuwa wamelala watoto wote katika nyumba moja, chini ya ukuta mmoja wenye nyufa, na wengine walikuwa wamepewa na mama yao kabla ya kuzaliwa.

Muda wetu umekwisha. Wahamasishaji wa afya ya jamii walioko vijijini wanaweza kuwaeleza zaidi habari ya koo na moyo, waulizeni wakipita. Kwaherini, tukutane tena katika kipindi kijacho.